Uliza Fundi: Bendi Studioni, Kamera Zinawaka

Barua nyingi za karibuni zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kurekodi bendi ikipiga yote kwa pamoja studioni, picha na sauti, kisha kuirusha mtandaoni. Tumezijibu kwa mkupuo mmoja. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Shikamooni wahariri. Mimi na wenzangu wawili tunataka kuanzisha kampuni ya kurekodi wanamuziki wasio na lebo, wakipiga mubashara studioni, na kuwarusha YouTube. Kampuni za namna hii zipo Marekani. Zinaendeshwaje, na pesa inatoka wapi?
*Msomaji, Dodoma*

Marahaba. Mfano ulio karibu zaidi na mnachokitaka ni Audiotree ya Chicago, iliyoanza mwaka 2011. Bendi inaingia studioni, inapiga nyimbo kama tano, mtangazaji anaizungumzisha kidogo katikati, na onyesho linarushwa. Baadaye video hukatwa wimbo mmoja mmoja, na sauti yake hutolewa kama albamu kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki. Kazi ya siku moja inazaa bidhaa tatu: onyesho zima, video za nyimbo, na albamu ya sauti. Huo ndio moyo wa biashara yenyewe. Anayetoa video peke yake anaacha mezani sehemu kubwa ya alichokwisha kukigharamia.

Kabla yao walikuwapo Daytrotter, mwaka 2006, katika mji mdogo wa Rock Island, Illinois. Hawakuwa na mji wenye jina, ila walikuwa na barabara: bendi zilizokuwa ziarani kwenda au kutoka Chicago zilipita pale, zikasimama kwa muda wa saa mbili hivi, zikapiga nyimbo kama nne kwenye utepe wa analogi, zikaondoka. Ninyi wa Dodoma mnayo barabara hiyohiyo. Bendi inayotoka Dar es Salaam kwenda kupiga Mwanza inapita mlangoni kwenu. Fuatilieni ratiba za ziara, mwandikieni meneja majuma matatu kabla, na gharama ya nauli inakuwa si yenu.

Wazo lenyewe ni kongwe. BBC ilirekodi bendi studioni kwa sababu kulikuwa na mipaka ya saa ambazo redio iliruhusiwa kupiga santuri, mipaka iliyodumu hadi 1988. Kipindi cha mtangazaji wake John Peel pekee, kati ya 1967 na 2004, kiliacha rekodi zaidi ya 4,000 za namna hiyo. Kwetu, Radio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi hiyo kwa sababu nyingine: nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo bendi za dansi kama NUTA Jazz na Mlimani Park ziliingia studio ya redio, zikapiga zote kwa pamoja, na kanda zikabaki kwa redio. Suala la nani anamiliki kanda hizo bado linaumiza vichwa, nasi tutalirudia kwenye barua ya mikataba.

Sasa pesa. Matangazo ya YouTube msiyaweke kwenye hesabu ya mwaka wa kwanza. Vyanzo vinavyobeba mzigo ni mdhamini wa msimu mzima (si wa onyesho moja), mgawo wa mauzo ya sauti, na kukodisha chumba, vyombo na mafundi siku ambazo hamrekodi. Chanzo cha tatu ndicho kinacholipa kodi ya nyumba. Mdhamini ana bei yake: Coke Studio Africa, iliyorekodiwa Nairobi kuanzia 2013, ilikuwa na bajeti ambayo studio ndogo haiwezi kuiota, lakini mwenye soda ndiye aliyekuwa na kauli. Na kumtoza msanii ili apige kwenye chaneli yenu tunapinga moja kwa moja. Mkianza hivyo, mtarekodi wenye pesa badala ya wenye muziki, na watazamaji watalijua hilo kabla yenu.

Ratiba ya siku iwe hivi. Stendi na kebo ziwe zimepangwa kabla bendi haijafika. Bendi ifike saa 3 asubuhi. Itumie muda wa saa moja na nusu kufunga vyombo na kujaribu chaneli mojamoja, nusu saa ya kupiga wote pamoja, kisha mapumziko na chakula. Rekodi ianze saa 6 mchana: nyimbo tano, kila wimbo mara mbili, ikizidi sana mara tatu. Baada ya mara ya tatu makosa yanapungua, lakini na uhai unapungua nayo.

Chumba chetu ni mita 6 kwa 5, dari mita 2.8, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae. Tumebandika trei za mayai ukuta mzima lakini sauti bado inagonga na besi inanguruma. Tumekosea wapi?
*Bendi ya watu sita, Mwanza*

Trei za mayai. Ni karatasi nyepesi: zinagusa kidogo sauti za juu kabisa, za chini zinapita kama hazijaona kitu. Zinashika moto upesi pia. Zitoeni leo.

Mna matatizo mawili yanayochanganywa kuwa moja. La kwanza ni mwangwi wa kuta zinazotazamana. Simama katikati ya chumba upige kofi: ukisikia mlio wa kutetemeka kama waya uliogongwa, ni sauti inayoruka kati ya kuta mbili tupu. Dawa ni paneli nene. Nunueni pamba ya mwamba, ile inayotumika kuzuia joto kwenye viwanda na mabomba, ya uzito wa kati ya kilo 40 na 60 kwa mita ya ujazo. Tengenezeni fremu za mbao za sentimita 120 kwa 60, kina sentimita 10, mvike kitambaa kinachopitisha pumzi (ukiweka mdomo ukapuliza, hewa ipite). Kwa chumba chenu anzeni na paneli 12: nane kutani kwa kupishana, ili paneli isitazamane na paneli bali na ukuta mtupu, na nne darini juu ya dramu na juu ya waimbaji. Ziachieni nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya paneli na ukuta. Nafasi hiyo haigharimu kitu, na inafanya paneli ifanye kazi ya paneli nene zaidi. Vaeni glavu na barakoa mnapokata.

La pili ni besi, nalo linatokana na vipimo vya chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kwa urefu wa mita 6, chumba kinavimbisha sauti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 28.6 na maradufu yake, 57. Kwa upana wa mita 5, ni 34 na 69. Kwa dari ya 2.8, ni 61. Noti ya A iliyo chini kwenye gitaa la besi ni hezi 55. Ndiyo maana mpiga besi akigusa A chumba kizima kinaitikia, na noti nyingine zinanywea. Jazeni pembe: marobota ya pamba hiyohiyo kuanzia sakafuni hadi darini, unene usiopungua sentimita 40, kwenye pembe zote nne kama nafasi ipo. Spika ya besi isikae pembeni wala katikati kabisa ya chumba. Bora zaidi, besi iingie kwenye miksa kwa kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo na miksa moja kwa moja, bila maiki), na mpigaji ajisikie kwenye hedifoni.

Zulia tandikeni chini ya dramu, lakini msitegemee lifanye zaidi ya kulainisha sauti za juu. Na mjue kwamba yote haya hayazuii kelele za nje. Bodaboda na jenereta ya jirani huzuiwa kwa uzito na kwa kuziba mianya: mlango wa mbao ngumu, raba kuzunguka fremu, dirisha la vioo viwili. Kiyoyozi kizimwe wakati wa kurekodi, kiwashwe kati ya nyimbo.

Tunapiga benga: solo, rithimu, besi, dramu na waimbaji watatu. Tunahitaji maiki ngapi, na miksa ya chaneli ngapi?
*Msomaji, Kisumu*

Chaneli 13, kwa hiyo miksa ya 16 inawatosha na akiba inabaki. Ngoma ya mguu moja, snea moja, mbili juu ya dramu kushoto na kulia, besi moja kwa DI, solo moja, rithimu moja, waimbaji tatu, maiki mbili za chumba mbali na bendi, na moja ya fundi kuongea na wanamuziki kwenye hedifoni. Hii ya mwisho watu huisahau, kisha siku nzima inaenda kwa kupungiana mikono kupitia kioo.

Miksa iwe ya kidijitali inayotoa kila chaneli peke yake kwa USB. Behringer XR18 au Midas MR18 zina nafasi 16 za maiki na hupeleka chaneli 18 kwenye kompyuta. X32 hupeleka 32. Miksa ya analogi yenye USB ya chaneli mbili tu haifai: ukikosea kiwango cha sauti ya mwimbaji, umekosea moja kwa moja. Rekodini kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) na biti 24. Tumeona wengi wakiacha 44.1 kHz kwa mazoea ya CD, lakini video inatumia 48, na kubadilisha katikati ya kazi ni kujitafutia taabu. Hesabu ya diski: chaneli 16 kwa 48 kHz na biti 24 ni karibu megabaiti 2.3 kwa sekunde, yaani GB 8.3 kwa saa. Siku nzima ya kurekodi inakaa kwenye GB 64 bila shida, basi msiwe bahili wa kufanya nakala mbili kabla bendi haijaondoka.

Kiwango cha kuingilia: sauti ya kawaida izunguke -18 dBFS (desibeli chini ya kikomo cha rekodi ya kidijitali), vilele visipite -8. Bendi ikiwa kwenye majaribio hupiga kwa robo tatu ya nguvu. Kamera zikiwaka inaongeza. Ukipanga vilele kwenye -3 wakati wa majaribio, wimbo wa kwanza utapasuka, na sauti iliyopasuka hairudi.

Adui mkubwa wa kupiga chumba kimoja ni sauti kuvuja kutoka chombo kimoja kwenda maiki ya kingine. Fuateni kanuni ya tatu kwa moja: kama maiki iko sentimita 10 kutoka kwenye chombo chake, maiki inayofuata iwe angalau sentimita 30 mbali nayo. Ampu za gitaa ziwe ndogo, wati 15 zinatosha sana, zilazwe nyuma kidogo zimtazame mpigaji sikioni. Ampu kubwa inayopigwa kwa sauti ndogo inakosa ladha, na ikiongezwa inaingia kwenye kila maiki ya mwimbaji. Waimbaji wasimame dramu ikiwa mbele yao, ili mgongo wa maiki ndio uitazame dramu, maana maiki nyingi za kuimbia ni kiziwi kwa nyuma. Mkimgeuza mwimbaji aipe dramu mgongo kwa sababu kamera inapenda hivyo, mdomo wa maiki unaitazama simbali moja kwa moja, na kila mkimuongeza mwimbaji mtakuwa mnaongeza simbali.

Mngurumo wa hezi 50 ukisikika kwenye gitaa au kinanda, bonyezeni swichi ya kukata ardhi kwenye kisanduku cha DI, na vyombo vyote vilishwe umeme kutoka soketi moja yenye mgawanyo. Kamwe msikate waya wa ardhi kwenye plagi. Mwimbaji anayeshika maiki ya chuma huku gitaa lake liko kwenye ampu isiyo na ardhi anaweza kufa.

Sisi ni kikundi cha taarab: kanuni, udi, fidla mbili, akodiani, dumbaki na mwimbaji. Wazee wetu hawataki hedifoni. Inawezekana?
*Tanga*

Inawezekana, na kwa taarab ndiyo njia iliyo bora. Kaeni nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 2, dumbaki nyuma, kanuni na udi mbele, akodiani ubavuni. Maiki mbili za stereo ziwekwe mbele kwa urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, zipishane sentimita 17 na zifungue pembe ya nyuzi 110. Hizo mbili ndizo rekodi yenu. Nyingine zote ni za kusaidia: moja juu ya kanuni kwa sentimita 35, moja kwa udi sentimita 25 kutoka kwenye tundu lakini isielekee tunduni, moja juu ya fidla zote mbili. Kwa udi tumieni maiki inayosikia mbele na nyuma peke yake, ubavu wake uelekezwe kwenye dumbaki. Mwimbaji awe na maiki yake, awatazame wapigaji.

Spika za sakafuni msiweke. Kila mtu apige kwa kiasi ambacho anamsikia mwimbaji bila kipaza sauti. Tiny Desk ya NPR, redio ya umma ya Marekani, kule Washington, iliyoanza 2008, inafanya hivyo tangu mwanzo: sauti ya mwimbaji haikuzwi ndani ya chumba, na bendi inalazimika kujipima yenyewe. Anayeshindwa kumsikia mwimbaji anapiga kwa nguvu mno. Kanuni na udi ndivyo vyombo vyenye sauti ndogo hapo, basi wakisikika wapigaji wake, mmesikika wote. Wakati wa kuchanganya, inueni kwanza maiki mbili za stereo mpaka zitoshe, kisha ongezeni za kusaidia kidogokidogo, na msimamishe mkono pale mnapoanza kusikia chombo kinatoka nje ya kundi.

Mhariri, salamu kutoka Mombasa. Picha na sauti haziendani. Tukirusha, mdomo unachelewa. Tukirekodi na kuhariri, mwanzo wa onyesho uko sawa lakini mwisho umeachana. Tatizo ni kamera?

Ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Wakati wa kurusha, sauti inatoka kwenye miksa hadi kompyuta kwa milisekunde chache. Picha inapita kwenye kamera, HDMI, kisha kifaa cha kunasia picha, na kila kituo kinaiweka kidogo kabla ya kuipitisha. Kwa hiyo sauti hufika mapema. Sikio linavumilia sauti inayochelewa, kwa sababu hata maishani sauti huja baada ya mwanga, lakini sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 tu mtazamaji anaanza kuhisi kasoro, ilhali ikichelewa anaweza kuvumilia hadi karibu 125. Pima hivi: mtu asimame mbele ya kamera apige kofi, rekodi kwa programu ileile mnayorushia, kisha ifungue rekodi hatua kwa hatua. Hesabu fremu kati ya sauti ya kofi na viganja kugusana. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Sauti ikitangulia fremu tatu, icheleweshe milisekunde 120 kwenye mipangilio ya sauti ya OBS, programu ya kurushia. Pima kila kamera peke yake. Kamera mbili za aina tofauti hazicheleweshi sawa, na hapo mtalazimika kuchelewesha picha ya ile yenye kasi ili ifanane na ya polepole, ndipo mguse sauti.

Kuachana polepole ni jambo jingine. Kamera na kompyuta kila moja ina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni inaonekana si kitu, lakini kwa saa moja ni milisekunde 180. Kwa wimbo wa dakika nne ni 12, ambazo hakuna atakayeziona. Basi zimeni na kuwasha kamera kila wimbo, na kila wimbo uanze kwa kofi mbele ya kamera zote. Kama mnatumia simu kupiga picha, kuna la zaidi: simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika. Badilisheni faili iwe na fremu zisizobadilika kabla ya kuhariri, au tumieni programu ya kamera inayozifunga.

Intaneti yetu ni ya simu. Tunaweza kurusha mubashara?
*Kigoma*

Swali la kwanza ni kama mnalazimika. Ushauri wetu, na tunaurudia kwa kila anayetuuliza: rekodini mubashara, rusheni baadaye. Wekeni siku na saa, pakieni video iliyokamilika kama onyesho la kwanza, watazamaji wakusanyike waandike maoni yao pamoja kama kawaida. Hata KEXP, redio ya Seattle, ambayo bendi zake husikika hewani papo hapo, video zake huzitoa baadaye zikiwa zimechanganywa upya. Msikilizaji hapotezi chochote, nanyi mnapata nafasi ya kurekebisha sauti ya mwimbaji iliyozama kwenye wimbo wa pili.

Mkilazimika, hesabu ni hizi. Picha ya 1080p kwa megabiti 6 kwa sekunde inakula GB 2.7 kwa saa. 720p kwa megabiti 3 inakula nusu ya hapo. Kasi ya kupakia iwe maradufu ya mnachorusha, na ipimwe saa ileile ya siku ambayo mtarusha, si asubuhi wakati mnara hauna watu. Kipimo cha sekunde kumi hakisemi kitu. Rusheni jaribio lisiloonekana hadharani kwa nusu saa, mtazame OBS inaripoti fremu ngapi zimepotea. Zikizidi asilimia moja, shukeni hadi 720p. Punguzeni picha kabla ya kugusa sauti: sauti ibaki kilobiti 160 hata mkibaki na picha ya kusikitisha, maana watu wamekuja kusikiliza.

Modemu iunganishwe na kompyuta kwa kebo, isiwe Wi-Fi ndani ya chumba chenye simu ishirini. Kasi ya kurusha (bitrate) iwekwe kuwa isiyobadilika, na fremu kuu (keyframe) ije kila sekunde 2. Rekodini nakala kwenye diski wakati huohuo kwa muundo wa MKV, si MP4: umeme ukikatika katikati, MKV inabaki na yote yaliyokwisha kuandikwa, MP4 mara nyingi haifunguki tena. Chaneli mpya ya YouTube inaweza kuchukua saa 24 kuruhusiwa kurusha, basi ombeni ruhusa siku chache kabla. UPS (betri ya akiba) ibebe modemu, miksa na kompyuta. Taa na ampu zina njaa kubwa, zitaimaliza kwa dakika chache.

Video zetu zina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Kamera ni nzuri, taa ni za LED.
*Arusha*

Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera yenu, bila shaka, imewekwa fremu 30 na shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/60. Wekeni fremu 25 na shata 1/50. Mkilazimika kubaki na 30, shata iwe 1/50 au 1/100. Mistari ikibaki baada ya hapo, ni taa za bei rahisi zinazopunguzwa mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi. Ziwasheni kwa nguvu zote, na kupunguza mwanga mkasogeze taa mbali. Mizani ya rangi na mwanga vifungwe kwa mkono kwenye kila kamera, la sivyo kamera tatu zitatoa ngozi ya mwimbaji mmoja kwa rangi tatu.

Nilirekodiwa na studio fulani, sikusaini kitu. Sasa nimeweka wimbo huohuo kwenye chaneli yangu nao wameudai. Nani mwenye haki?
*Mwanamuziki, Dar es Salaam*

Ndugu, kuna haki tatu ndani ya video moja. Utungo na maneno ni vya mtunzi. Upigaji ni haki ya wapigaji, wote, hata mpiga tumba wa kukodi. Rekodi yenyewe kwa kawaida ni ya aliyeigharamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitambua zote. Kenya mgawanyo huo unaonekana hata kwenye vyama vya kukusanya mirabaha, maana PRISK ni ya waigizaji na wapigaji, KAMP ni ya watayarishaji wa rekodi. Kwa kuwa hamkuandikiana, studio inashikilia rekodi, wewe unashikilia wimbo, na hakuna anayeweza kufanya biashara kamili bila mwenzake. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie.

Lakini inawezekana hakuna aliyekudai kwa makusudi. Kama rekodi ya onyesho imepelekwa kwa msambazaji, na msambazaji ameiingiza kwenye Content ID ya YouTube, mashine inadai kila nakala inayofanana, ikiwamo yako. Kinyume chake pia hutokea: msanii ana toleo lake la studio kwenye Content ID, na video ya kampuni inadaiwa siku ileile inapotoka. Dawa ni moja, msambazaji aombwe kuziondolea madai chaneli zote mbili, na iandikwe kabla.

Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha, nayo isainiwe kabla kebo hazijafungwa, siyo usiku bendi ikiwa imechoka na gari linanguruma nje. Iseme nani anamiliki rekodi, na kama msanii anazo haki za kuitumia kwenye chaneli yake na kwenye maombi ya matamasha (Sauti za Busara na mengine yanayotaka kukusikia ukipiga mubashara hupenda video ya namna hii). Iseme mgawo wa mapato ya sauti na ya video, kila mmoja peke yake. Iseme muda: tunapendekeza kampuni isiwe na haki ya pekee zaidi ya miezi 12. Iseme kama msanii anaweza kuzuia wimbo ambao haukumridhisha, na ndani ya siku ngapi. Na iseme msanii anapewa faili za chaneli zote. Hilo la mwisho studio nyingi hukataa bila sababu ya maana.

Rekodi ya onyesho ipewe namba yake mpya ya ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi. Wanaotumia tena namba ya toleo la albamu huchanganya hesabu za mapato ya rekodi mbili, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya miezi. Wimbo wa mtu mwingine usiupige bila ruhusa ya mtunzi, kwa kuwa kuuunganisha na picha ni ruhusa tofauti na ile ya kuuimba ukumbini. Na kampuni za Tanzania zisome kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) zinazotumika sasa, maana zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018.

Video yetu inasikika ndogo kuliko za wenzetu YouTube, ingawa tumeibana mpaka imejaa.
*Morogoro*

Kwa sababu mmeibana. YouTube hushusha kila kinachozidi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), ila kilicho chini hakipandishi. Rekodi iliyobanwa hadi -8 inashushwa desibeli 6, na vilele vyake vilikwisha kukatwa, kwa hiyo snea haigongi tena na mwimbaji anabaki bapa. Pangeni wimbo mzima uwe -14, kilele halisi kisipite -1, na muache dramu ipumue. Mkipakia, bofyeni video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na mfungue takwimu za kitaalamu (Stats for nerds): namba ya sauti ikionyesha 0 au hasi ndogo, mko pazuri. Ikionyesha chanya, rudini kwenye miksa mpunguze kubana, msiguse sauti za vyombo.